Sura ya Saba: Pesa Ambayo Bado Si Yako

Wauzaji wengi wa mtandaoni wanaoshindwa kumrudishia mteja pesa zake si wezi. Pesa zenyewe hazipo. Mteja alilipa Jumatatu saa tatu asubuhi. Saa nne pesa zile zimeshalipia mzigo mwingine wa mitumba, saa sita zimemaliza salio la karo ya mtoto, na Jumatano mteja anapopiga simu kusema ameghairi, muuzaji anatazama simu yake na kuanza kutafuta maneno. “Nipe hadi Ijumaa, dada.” Ijumaa inafika na simu haishikwi. Wiki ya pili mteja amemwandika kwenye kundi la WhatsApp la chama, jina na namba, na watu mia wanajua. Aliyekuwa mfanyabiashara mwenye bidii anaitwa tapeli, kwa shilingi elfu moja na mia nane.

Sura hii ina jambo moja la kusema, na mengine yote yanatoka humo. Pesa ya mteja haiwi yako siku anapoituma. Inakuwa yako siku anapoupokea mzigo, akaufungua na kuridhika. Kati ya siku hizo mbili wewe ni mtunzaji tu. Muuzaji anayelishika hilo hasumbuliwi sana na oda zinazoghairiwa, na asiyelishika atasumbuka hata awe na roho safi namna gani.

Naandika nikiwafikiria wauzaji wa Migori na Homa Bay, kwa sababu huku jambo hili lina uzito ambao mtu wa Nairobi anaweza asiuone. Nairobi unaweza kumpoteza mteja mmoja na kesho ukampata mwingine asiyemjua wa kwanza. Mjini Migori, Awendo, Rongo, Oyugis au Mbita, mteja wako anaabudu na shangazi yako, anakaa chama kimoja na jirani yako, na mtakutana kwenye matanga kabla ya mwezi kwisha. Neno linatembea kuliko matatu.

Wapo wanaolalamika kwamba watu wa upande huu wa Ziwa Victoria ni vigeugeu: wanaagiza leo, kesho wameghairi. Mimi sikubali. Tazama ni lini wanaghairi, utaona jambo jingine kabisa. Omena, wale dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, na mitumbwi mingi hukaa ufuoni. Kwa hiyo mama anayekausha na kuuza omena Mbita, Sori au Muhuru Bay ana pesa wiki za giza, na wiki ya mbalamwezi hana. Juu ya hayo, serikali hufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wapate kuzaana. Ukienda Awendo, mkulima aliyepeleka miwa kwenye kiwanda cha sukari cha South Nyanza, kile tunachokiita Sony, anaweza kusubiri malipo ambayo hayana tarehe anayoweza kuapa nayo. Wa tumbaku upande wa Kuria na Uriri hupata donge moja baada ya kuuza majani. Kijana wa machimbo ya dhahabu ya Macalder anaweza kuwa tajiri Jumanne na kukopa unga Alhamisi. Mwalimu yeye anangoja mwisho wa mwezi.

Watu hawa wote wana simu, wote wanaziona picha zako za viatu na mashuka, na wote wanaagiza siku moyo unapopenda. Oda nyingi zinazoghairiwa ni oda zilizowekewa siku isiyo yake. Kwa hiyo, pamoja na kuuliza saizi na rangi, muulize mteja swali ambalo wauzaji wachache huliuliza: “Mama, ungependa mzigo ukufikie lini?” Akisema wiki ijayo, mwandikie wiki ijayo na usiutume leo kwa haraka ya kumfunga. Na akipiga kusema hali imebadilika, kabla ya kuandika kwamba oda imekufa, mpe nafasi ya kuisogeza: “Hakuna shida mama. Nikuwekee hadi tarehe tano, au niachilie mtu mwingine achukue?” Wengi watasogeza. Asiyetaka, mwachie kwa amani. Lakini kama alikwisha kulipa, hiyo nafasi ya kusogeza isiwe njia ya kukalia pesa zake. Mwulize mara moja tu, na jibu likiwa hapana, zirudi siku hiyo hiyo.

Sasa tuangalie gharama, maana hapa ndipo faida huvuja bila mtu kuona. Chukua mfano wa jozi ya viatu ya shilingi 1,800, kutoka Migori kwenda kisiwa cha Mfangano. Mzigo unapanda gari hadi Rongo, unapita Rodi Kopany, unaingia Homa Bay, unakwenda Mbita, na kutoka Mbita unapanda boti. Tuseme nauli ya mzigo kwa safari nzima ni shilingi 200 na bodaboda wa kuupeleka stejini ni 100. Mteja akiukataa pale gatini, unarudi kwa shilingi 200 nyingine. Kama alikuwa amelipa, kumtumia 1,800 kwa M-Pesa kunakugharimu shilingi 33, kwa ada zilizoanza Julai 2023. Jumla ni shilingi 533, na viatu umebaki navyo, pengine sanduku limelowa.

Tuseme katika kila jozi kumi, moja inarudi hivyo. Zile tisa zilizouzwa ndizo zinazoibeba hasara ya shilingi 533, karibu shilingi 60 kila moja. Shilingi hizo 60 ni sehemu ya bei yako kama ilivyo nauli. Muuzaji anayepanga bei kana kwamba kila jozi itafika na kupendwa anajidanganya, na siku jozi inaporudi ataiona hasara kama kosa la mteja, atamkasirikia, na atachelewa kumlipa. Panga bei ukijua kwamba vingine vitarudi. Hata kampuni kubwa hazijaponyoka. Jumia, iliyoanza Nigeria mwaka 2012 na kuingia Kenya mwaka uliofuata, ilipokuwa ikijiandaa kuingia Soko la Hisa la New York mwezi Aprili 2019, iliandika katika nyaraka zake kwamba oda zilizobeba asilimia 14.4 ya thamani ya mauzo ya mwaka 2018 zilishindwa kufikishwa au zilirudishwa na wateja. Hiyo ni kampuni yenye maghala, magari na wahasibu. Wewe mwenye kibanda na simu moja usishangae mzigo mmoja ukirudi.

Njia rahisi kuliko zote ya kupunguza hasara hiyo ni simu moja kabla ya mzigo kupita mahali ambapo, ukishapita, hauwezi kurudi kwa bei nafuu. Kwa mzigo wa Mfangano, mahali hapo ni Mbita. Kwa wa Muhuru Bay, ni Migori mjini. Kwa wa Ndhiwa, ni Rodi. Piga: “Mzigo wako uko Mbita, boti inaondoka mchana. Uko tayari kuupokea leo?” Akisita, uache kwa mtu unayemwamini Mbita, na utakuwa umeokoa nauli ya maji mara mbili. Bodaboda na makondakta wanalijua hili kuliko sisi: mzigo ambao mwenyewe hapatikani kwenye simu ndio unaolala ofisini kwa wiki.

Na kabla ya mzigo kuondoka, upige picha ukiwa wazi, kisha ukiwa umefungwa. Andika namba ya gari, jina la kondakta na saa. Mwombe mteja aufungue mbele ya aliyeuleta. Mteja akisema kiatu kilifika kimepasuka, picha ndiyo itakayoamua kama kilipasuka kwako, njiani au kwake, na nyote wawili mtaongea juu ya kitu mnachokiona badala ya kurushiana lawama.

Nani alipe nauli ya kurudi? Jibu langu ni fupi. Kosa likiwa lako, kama umetuma saizi 39 badala ya 41, au rangi ya kwenye picha haifanani na ya kwenye kitambaa, au cherehani ina sindano iliyovunjika, unalipa kila kitu: kwenda, kurudi na ada ya kutuma pesa. Usimkate mteja hata shilingi kumi. Akiwa amebadili tu mawazo, ni haki yeye alipe nauli ya kurudi, lakini kwa sharti moja: awe alijua kabla ya kulipa. Sheria inayotangazwa baada ya ugomvi kuanza haina heshima kwa mtu yeyote. Wakati mwingine pia inafaa mkubaliane: shuka lina doa dogo pembeni, mteja amelipenda, basi mrudishie shilingi 200 akae nalo, kuliko kulisafirisha tena hadi Migori.

Kuhusu sheria yenyewe ya nchi, wauzaji wengi wanaishi kwa yale maneno yaliyochapwa chini ya risiti za maduka yetu, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Maneno hayo hayana nguvu wanayoidhania. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili afaidike na alichonunua, na haki ya kufidiwa anapopata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inaenda mbali zaidi kwa mauzo ya mtandaoni. Inamtaka muuzaji amweleze mnunuzi mambo muhimu kabla ya kukubaliana, ampe nafasi ya kukubali, kukataa au kusahihisha makosa, kisha ampe nakala ya makubaliano. Asipofanya hayo, mnunuzi anaweza kuvunja makubaliano: ndani ya siku 7 tangu apokee nakala, ikiwa hakuelezwa aliyopaswa kuelezwa, na ndani ya siku 30 tangu wakubaliane, ikiwa nakala hakupewa. Haki hizo haziondolewi na maneno uliyoyachapa kwenye risiti.

Soma hapo tena polepole, maana pamebeba zawadi kwa muuzaji. Sheria yetu haimpi kila mnunuzi uhuru wa kurudisha kitu kwa kuwa tu hakipendi tena. Umoja wa Ulaya unampa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu, na China ilimpa siku 7 kuanzia Machi 2014. Kenya imeweka mkazo kwenye maelezo. Aliyeeleza vizuri amesimama mahali salama. Aliyeficha ndiye aliyeacha mlango wazi. Na kueleza vizuri hakuhitaji wakili. Ujumbe mmoja wa WhatsApp unatosha, na nashauri uuhifadhi uwe unautuma kwa kila mteja kabla hajalipa:

“Habari ya asubuhi. Umeagiza viatu vyeusi vya ngozi, saizi 41, mitumba daraja la kwanza, vina mkwaruzo mdogo kwenye kisigino cha kulia kama picha ya tatu inavyoonyesha. Bei 1,800, nauli 200, jumla 2,000. Vitafika Mbita Alhamisi. Visipokuwa kama nilivyoeleza, navichukua kwa gharama yangu na kukurudishia zote. Ukibadili mawazo vikiwa vizima, unalipa nauli ya kurudi, nami narudisha 1,800 siku nitakapovipokea. Ukikubali nijibu NDIYO.”

Mteja akijibu, mna makubaliano, na ana nakala yake mkononi. Ule mkwaruzo wa kisigino uliotajwa mapema utakuokoa na mzozo ambao ungekula siku nzima.

Kwa wale wanaouza bidhaa ambazo bado hawanazo, wanaokusanya oda kwanza ndipo waende Eastleigh au Gikomba, au waagize kutoka China, najua mtauliza: nitatunzaje pesa ya mteja wakati ndiyo inayonunua mzigo wenyewe? Basi mwambieni hivyo. Mwambieni kwamba ni oda ya mapema, chukueni rubuni badala ya bei yote, na mtaje tarehe. Sheria hiyo hiyo ya 2012 inamruhusu mnunuzi kuvunja makubaliano ya namna hii zikipita siku 30 baada ya tarehe mliyoahidi bila mzigo kufika. Msiahidi wiki mbili kama mnajua meli haina haraka hiyo.

Turudi kwenye pesa na mahali pa kuziweka. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilikuwa njia ya kutuma pesa nyumbani, na hadi leo wauzaji wengi wanapokea malipo kwenye namba ile ile wanayonunulia sukari na kulipia stima. Hapo ndipo pesa ya mteja inapopotelea. Chukua namba ya Till, au Pochi la Biashara kama biashara bado ni ndogo. Pesa inayoingia humo haichanganyiki na ya nyumbani mpaka wewe mwenyewe uihamishe. Jiwekee utaratibu wa jioni: fungua daftari, tazama ni mizigo ipi imepokelewa na kukubaliwa leo, hamisha pesa za mizigo hiyo tu. Ambazo mzigo uko njiani, ziache. Mtaji wako utaonekana umepungua kwa wiki mbili za kwanza, na utatamani kuzigusa. Vumilia. Kuanzia wiki ya tatu mizigo inayofika itakuwa ikifungua pesa kila siku.

Wakati wa kurudisha, kuna wizi wa kujihadhari nao. Mtu anapiga simu kwa haraka: amelipa mara mbili kwa makosa, au amezidisha sifuri, mrudishie tafadhali, mtoto yuko hospitali. Ujumbe wa malipo upo kwenye simu yako kweli, lakini umetoka kwenye namba ya mtu binafsi, na salio halijaongezeka. Usiamini ujumbe, amini salio na taarifa ya akaunti. Mwingine atalipa kwa namba moja na kuomba arudishiwe kwenye nyingine, kisha mwenye namba ya kwanza ajitokeze kudai zake. Rudisha pesa kwenye namba iliyolipa, siku zote, hata mteja awe binamu yako. Na wapo wanaopokea mzigo halafu wanapeleka ujumbe wa malipo kwa 456 kuomba Safaricom iyabatilishe, kana kwamba walikosea namba. Hapo ndipo daftari, picha na lile jibu la NDIYO vitakapokutetea.

Mpaka hapa nimesema habari za mteja anayeghairi. Ukweli ni kwamba oda zinazoumiza zaidi ni zile anazozighairi muuzaji. Mtumba ni kimoja kimoja. Koti lile lile limewekwa Facebook, Jiji na WhatsApp, na pia limetundikwa kibandani. Mtu wa Kendu Bay amelilipia saa nne, na saa nne na dakika kumi mteja aliyesimama mbele yako ameshika noti. Ukilitoa, umeuza mali ya mtu mwingine. Lishushe kibandani na kwenye kurasa zote mara tu malipo yanapoingia. Likiwa limekwisha kuuzwa kwa bahati mbaya, fuata mpangilio huu bila kuugeuza: rudisha pesa kwanza, kisha piga simu uombe radhi, na ndipo, akitaka, umwonyeshe koti jingine. Kumwonyesha jingine huku umeshikilia pesa zake ni kumlazimisha. Kwa wanaouza kupitia Jumia au Kilimall, kampuni ndiyo inayoshika pesa na ndiyo inayoamua kuhusu marejesho, kwa hiyo kazi yako kubwa ni hesabu sahihi ya bidhaa: usiache kitu kwenye ukurasa wakati kimekwisha rafuni.

Neno kwa walio Isebania, mpakani na Tanzania. Mteja wa Sirare au Tarime yuko karibu kwa macho, lakini pesa zake ni shilingi ya nchi nyingine, na akirudishiwa, kiwango cha kubadilisha kinaweza kuwa kimesogea. Mwambie mapema kwamba unarudisha kiasi kile kile cha shilingi za Kenya ulichopokea. Kama mzigo ni wa kuvuka mpaka, aukague na kuujaribu kabla haujavuka, maana kuurudisha ni kuupitisha forodhani mara ya pili.

Mkishindwana kabisa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kusikiliza kesi Milimani, Nairobi, mwezi Aprili 2021. Inashughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni moja, haimlazimu mtu kuwa na wakili, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Njia hiyo iko wazi kwa mnunuzi na kwa muuzaji vilevile. Kwa jozi ya viatu, hata hivyo, nauli za kwenda mahakamani zitazidi bei ya viatu vyenyewe, na nyote mtapoteza siku za kazi.

Kwa hiyo, kabla hujaingia sura inayofuata, chukua simu yako upitie malipo ya mwezi huu. Ukimkuta mteja aliyelipa ambaye mzigo wake haujaondoka na unajua hautaondoka, mpigie leo kabla hajakupigia, umrudishie zote, na ada ya kutuma uilipe wewe.